Nakaa Kimya Pembeni mwa Mkurugenzi: Je, Huku Ndiko Kujifunza Uongozi?

“Mwalimu, mimi ni msichana wa mwaka wa tatu ninayesomea usimamizi wa biashara katika chuo kikuu kimoja hapa magharibi mwa Kenya. Idara yetu ina mpango wa malezi ya uongozi, nami nilichaguliwa kuandamana na mkurugenzi mkuu wa kampuni ya usambazaji wa bidhaa mjini Kisumu kila Alhamisi na Ijumaa kwa wiki sita. Nilifurahi sana, na mama alinishonea suti. Sasa niko katika wiki ya tatu na sioni ninachojifunza. Kazi yangu ni kuketi kwenye kona ya ofisi yake, kubeba mafaili tukienda mikutanoni, na kusikiliza. Yeye mwenyewe haonekani kuongoza: anapokea simu, anatia sahihi, anakatizwa na watu, anaingia mkutano mwingine. Naogopa kumwuliza maswali kwa kuwa ni mtu mzima mwenye shughuli nyingi. Wiki iliyopita alimkaripia mhasibu mbele ya watu hadi nikatamani kutoka. Kisha nikasikia mkutanoni wakijadili kufunga bohari ya Busia, na binamu yangu anafanya kazi huko. Tangu siku hiyo sina raha. Wiki ijayo anataka niandamane naye Nakuru kwa ziara ya siku mbili. Rafiki zangu wanasema nivumilie kwa sababu atanipa kazi nikihitimu. Je, niendelee, au ninapoteza muda na nauli ya kutoka Luanda?”

Mwanangu, nashukuru kwamba umeeleza mambo yako kwa ukamilifu, kwa sababu barua yako ina maswali manne yaliyofungwa pamoja, na kila moja linastahili jibu lake. Unauliza kama kukaa na kutazama ni kujifunza. Unauliza kama mtu unayemtazama anafaa kuigwa. Unauliza ufanye nini na siri ambayo hukuiomba. Na katika sentensi moja fupi kuhusu Nakuru, nadhani unauliza pia kama uko salama. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba uendelee, ila usiendelee kwa namna unayoendelea sasa, na kabla ya safari ya Nakuru kuna mambo ambayo ni lazima yawekwe wazi.

Nianze na hili la kwamba mkurugenzi wako “haonekani kuongoza”. Wengi wetu tumelelewa kuiona sura ya kiongozi jukwaani, akihutubia, akitoa dira na kuamuru, kwa hiyo tukimkuta akijibu simu na kutafuta saini iliyokosekana tunadhani tumefika siku mbaya. Hukufika siku mbaya. Mtafiti wa Kanada, Henry Mintzberg, aliandamana na wakurugenzi watendaji watano, kila mmoja kwa wiki nzima, akiandika kila walichokifanya, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1973 yaliwashangaza wengi: nusu ya shughuli zao zilichukua chini ya dakika tisa, na ni asilimia 10 tu zilizozidi saa moja. Miaka 45 baadaye, mwaka 2018, Michael Porter na Nitin Nohria wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha uchunguzi wa namna wakurugenzi 27 walivyotumia saa zao kwa majuma 13, wakakuta kwamba asilimia 72 ya muda wao wa kazi ilikwenda katika mikutano. Hao walikuwa wakuu wa makampuni makubwa ya ng’ambo wenye wasaidizi tele. Kwa hiyo mtu wa Kisumu anayekatizwa kila dakika chache kwa sababu lori limekwama njiani au mwenye duka wa Siaya hajalipa anafanya kazi ile ile ya uongozi, kwa jinsi inavyofanywa kila mahali. Uongozi wake umo ndani ya vikatizo hivyo: ni kikatizo kipi amekipokea, kipi amekikataa, kipi amempelekea mtu mwingine, na kipi amekiacha kilale hadi kesho.

Hapo ndipo penye ugumu, na ugumu huo si kosa lako. Uamuzi wa mtu mzoefu hufanyika haraka na kwa ndani, na mara nyingi yeye mwenyewe hawezi kukueleza ameufikia kwa njia gani. Mwulize mama anayesonga ugali kila siku anatia unga kiasi gani. Atakuambia “mpaka ushike”, na hatakuwa anakuficha kitu, kwani kipimo chake kimo mkononi na machoni, hakimo katika maneno. Mkurugenzi wako naye ana vipimo vya namna hiyo kuhusu watu, fedha na wakati. Anajua meneja yupi akisema “karibu tumalize” huwa amemaliza kweli, na yupi hajaanza. Wewe unayeketi kwenye kona unaona tu kwamba mmoja ameaminiwa na mwingine ameongezewa maswali, na ukiyaona hayo bila kuwa na swali lako mwenyewe kichwani, yatakupita kama magari barabarani.

Dawa yake ni kukisia kabla ya kuona. Kila mnapoingia mkutanoni, uwe umeomba ajenda kwa katibu wake, nawe uandike katika daftari lako, kabla mtu hajafungua kinywa, ni jambo gani gumu litakaloamuliwa, ni nani atakayepata hasara uamuzi ukienda upande huu au ule, na wewe ungeamua nini kama kiti kile kingekuwa chako. Kisha sikiliza. Pale uamuzi wake utakapotofautiana na wako ndipo somo lako la siku lilipo, kwa sababu tofauti hiyo inaonyesha kuna kitu anachokijua ambacho wewe hukukijua, au kitu anachokiogopa ambacho wewe hukukifikiria, au pengine kosa analolifanya. Usijihukumu ukikosea mara nyingi katika wiki ya kwanza ya kukisia. Mwanafunzi ambaye hakuweka jibu lake mezani, hata moyoni mwake tu, hana cha kulinganisha, na ndiyo maana kutazama kwa macho matupu kunachosha. Daftari hilo unaweza kulikamilisha ndani ya matatu wakati wa kurudi, kabla ya kufika Maseno, huku mambo yakiwa bado mabichi. Andika maamuzi na sababu. Usiandike takwimu za kampuni wala majina ya watu, usipige picha nyaraka, na usirekodi sauti. Mishahara na maradhi ya wafanyakazi ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na daftari lililosahaulika katika kiti cha matatu halina mlinzi.

Sasa tuje kwenye woga wa kuuliza. Najua ulikotoka nao. Wengi wetu tulifundishwa kwamba mtoto hamhoji mtu mzima, na heshima hiyo ni njema, sikuombi uitupe. Lakini mkurugenzi aliyekubali kupokea mwanafunzi amekubali pia kuulizwa, na akiona kimya cha wiki tatu huenda akafikiri ama umeelewa yote ama hujali. Kinachomchosha mtu mwenye shughuli ni swali pana lisilo na mpaka. Ukimwuliza, “Siri ya mafanikio yako ni nini?” atakupa hotuba aliyokwisha kuitoa kwingine. Ukimwuliza, “Leo asubuhi ulipoahirisha uamuzi kuhusu lori jipya, ulikuwa ukisubiri kujua nini?” atasimama kidogo, atafikiri, na atakuambia jambo ambalo huenda hajawahi kumwambia mtu, maana hakuna aliyemwuliza. Swali la namna hiyo linahusu tukio moja, la leo, na linajibika katika dakika tatu. Ombi lako kwake liwe jepesi pia: kupitia kwa katibu wake, mwombe dakika kumi mwishoni mwa kila Ijumaa, useme kwamba utakuja na maswali mawili tu, kisha uje na mawili. Ukiulizia ndani ya gari mkirudi kutoka mkutanoni, ni vizuri zaidi. Mkutanoni penyewe nyamaza, isipokuwa akikuuliza. Ukimya wa mkutanoni ni adabu ya mgeni, na pia unakupa nafasi ya kutazama nyuso za wanaosikiliza, jambo ambalo msemaji hana nafasi nalo.

Kuhusu kubeba mafaili, naomba usilione kuwa dharau mapema mno. Mwanaanthropolojia Jean Lave alipowachunguza mafundi cherehani wa Liberia katika miaka ya 1970, aliona kwamba mwanagenzi haanzi kwa kukata kitambaa. Huanza mwishoni mwa kazi, kwa kushona vifungo na kupinda mapindo ya nguo iliyokwisha kukamilika, kisha hufundishwa kushona, na kukata huja mwisho kabisa, kwa sababu kosa la mkasi linapoteza kitambaa kizima. Kwa kuanzia mwishoni, anaiona nguo nzima kabla ya kuaminiwa na sehemu yake ya hatari. Faili unalolibeba lina mkutano mzima ndani yake. Mwombe mkurugenzi ruhusa usome zile karatasi zisizo za siri usiku uliotangulia. Jitolee kuandika rasimu ya kumbukumbu za mkutano ili katibu aisahihishe. Omba kukaa saa moja na mtu wa bohari au wa malori ili ujue uamuzi wa ghorofani unafikaje chini. Hata hivyo, subira hiyo ina kikomo. Ikiwa utafika wiki ya tano na kazi yako ni chai, kutoa nakala na kupokea wageni, ilhali dakika kumi ulizoomba hazijapatikana hata mara moja, basi umekuwa kibarua asiyelipwa, na hilo ni la kumweleza mratibu wa mpango katika idara yako, kwa utulivu na kwa mifano, bila kungoja wiki ya sita ipite.

Umeniambia kuhusu mhasibu, na nimeona kwamba jambo hilo limekugusa kuliko yote ya ofisini. Mimi simjui mkurugenzi huyo na sikuwapo, kwa hiyo sitamhukumu mtu kwa tukio moja. Lakini kitendo chenyewe naweza kukisema: kumkaripia mfanyakazi mbele ya wenzake ni uongozi mbaya, hata pale karipio lilipokuwa la haki. Ubaya wake hauishii kwenye uchungu wa aliyekaripiwa. Wote waliosikia wamejifunza kwamba habari mbaya ina gharama kwa anayeileta, na kuanzia siku hiyo watazichelewesha. Katika kampuni ya usambazaji, habari inayochelewa ni sukari iliyopungua bohari na kugunduliwa mwisho wa mwezi, au mteja aliyeacha kulipa na hakuna aliyethubutu kusema. Wewe usiwe na haraka ya kuamua kama yeye ni mtu mwema au mbaya, tazama yaliyofuata. Je, alimwita mhasibu baadaye wakaongea? Je, wengine katika mkutano uliofuata walisema zaidi au walisema kidogo? Uhusiano wenu ukikomaa, unaweza hata kumwuliza bila kulitaja tukio hilo: “Huwa unaamuaje jambo la kusemwa mbele ya watu na la kusemwa faraghani?” Kuandamana na kiongozi si kuapa kumfuata katika kila kitu. Wapo wanafunzi niliowasimamia waliorudi na orodha ndefu ya mambo ambayo hawatayafanya kamwe, na niliwapa alama nzuri kwa hilo, mradi waliweza kueleza kwa nini.

Sasa binamu yako. Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa kuwa ndipo unapoweza kujiumiza na kuwaumiza wengine kwa nia njema. Ulichokisikia ni mjadala. Wakurugenzi hujadili kufunga bohari, kuihamisha, kuikodisha au kuiunganisha na nyingine, na mengi ya mazungumzo hayo hufa pale pale mezani. Ukimpigia simu binamu yako usiku wa leo, utakuwa umempa hofu isiyo na tarehe wala uhakika; atamwambia rafiki yake mmoja, na kesho bohari nzima itakuwa inatafuta kazi. Habari zikirudi Kisumu, haitachukua muda kujulikana zilitoka kwenye kona ipi, na idara yako huenda isipokewe tena hapo mwaka ujao.

Najua kinachokutesa ni wazo kwamba ukinyamaza, binamu yako ataamka siku moja akute kufuli mlangoni. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haimruhusu mwajiri kufanya hivyo. Kifungu cha 40 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kutoa taarifa angalau mwezi mmoja kabla: kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa leba ikiwa mfanyakazi ni mwanachama, au kwa maandishi kwa mfanyakazi mwenyewe na kwa afisa wa leba ikiwa si mwanachama. Katika kuchagua watakaoondoka, mwajiri lazima azingatie muda waliotumikia, ujuzi, uwezo na uaminifu wao kazini. Anayeachishwa hulipwa siku zake za likizo alizokuwa akidai, hupewa notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi huo, na hulipwa mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi. Kwa hiyo ukimya wako haumnyimi haki yoyote. Haki zake zimekwisha kuwekwa mahali ambapo wewe huhitajiki kuzilinda. Siku taarifa itakapotolewa rasmi, ikitolewa, mkumbushe kifungu hicho na umpeleke kwa afisa wa leba iwapo hakikufuatwa. Hapo utakuwa umemsaidia kweli.

Lakini lipo jambo la kufanya sasa. Mwambie mkurugenzi, mapema iwezekanavyo, kwamba una binamu katika bohari ya Busia, na kwamba yuko huru kukuomba utoke mambo ya bohari hiyo yanapojadiliwa. Utaona haya kulisema, lakini ni afadhali alisikie kwako kuliko kwa mwingine, na nijuavyo mimi viongozi, hakuna jibu la mtihani litakalokupandishia hadhi mbele yake kama hilo. Kwa jamaa zako nao, uwe na jibu moja kwa maswali yote: “Ya ofisini siyasemi, yawe mema au mabaya.” Ukikubali kusimulia mema na kunyamazia mabaya, kunyamaza kwenyewe kutakuwa kumesema. Na utofautishe siri ya biashara na uovu. Ukiona hongo ikitolewa au hesabu zikighushiwa, wajibu wako wa kutunza siri haufikii huko. Usianze upelelezi wa peke yako, mweleze mratibu wako ana kwa ana, na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ina ofisi mjini Kisumu.

Hilo la kupewa kazi nitalipitia haraka, kwa sababu rafiki zako wamelipa uzito usiostahili. Mkurugenzi hakukuahidi kazi, na ukiishi wiki zilizobaki ukimtazama kama mlango wa ajira, utaanza kukubaliana na kila analolisema, na kujifunza kutakoma hapo. Unachoweza kukitarajia kwa haki ni barua ya kuthibitisha ulikuwa hapo, ruhusa ya kumtaja kama mtu anayekufahamu, na pengine, ukimwandikia ujumbe mfupi wa maana mara mbili tatu kwa mwaka, mlezi wa kweli. Ulezi wa aina hiyo haupangwi na idara yoyote. Wiki sita ni za kufahamiana tu.

Imebaki Nakuru. Ziara ya siku mbili kwa kazi ni jambo la kawaida katika kampuni inayosambaza bidhaa, na huenda hii ndiyo fursa bora katika mpango wako wote, kwa kuwa barabarani watu huongea kwa uwazi ambao ofisini hawana. Sina sababu ya kumshuku mtu huyu, na wewe hukunipa yoyote. Hata hivyo mwanafunzi halali nje ya mji na mkuu wa kampuni kwa mwaliko wa mdomo, awe mkuu ni mwanamume au mwanamke. Kabla hujakubali, idara yako ipate barua au barua pepe kutoka ofisi ya kampuni, inayoeleza mnakwenda kufanya nini, ni nani wengine wanaosafiri, mtalala wapi, na kwamba chumba chako ni chako peke yako na kampuni ndiyo inayokilipia. Mwachie mama au dada yako jina la hoteli. Mwenye nia safi hatakasirishwa na maswali haya; katibu wake pengine alikuwa tayari ameyapanga. Akikasirika, au akikwambia usimwambie mtu, basi usiende, na huhitaji kutoa sababu nyingine.

Na ikiwa wakati wowote, Nakuru au Kisumu, maneno yake au mkono wake utakupa wasiwasi, usingoje upate “ushahidi wa kutosha” ndipo useme. Sheria ile ile ya Ajira inataka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono, kwa hiyo unaweza kuiulizia kwa afisa wa rasilimali watu bila kueleza kwa nini. Kwako wewe, hata hivyo, mlango wa kwanza ni chuoni: mratibu wa mpango, mkuu wa masuala ya wanafunzi, au mshauri nasaha, yeyote kati yao unayemwamini zaidi. Nenda mwenyewe ukaongee nao ana kwa ana, wala usiniandikie mimi kwanza, kwa sababu mimi siwezi kuchukua simu nikamwambia mtu asimame. Mratibu huyo huyo mpelekee ombi la barua ya Nakuru Jumatatu asubuhi, ili kampuni ipate siku za kujibu kabla ya safari.